Vidonge vya Rika Moja

Mume wangu Lekoko ana kasoro nyingi, na nyingine nimeshazizoea kama mtu anavyozoea meno yake mwenyewe, lakini uchoyo hana. Mpe Lekoko mfupa, atauvunja katikati na kumpa mwenzake upande wenye uboho. Ndiyo maana pombe ilimpata haraka. Pombe inawapenda sana watu wasiojua kula peke yao.

Simel, rika lake, naye ni hivyo hivyo. Walitahiriwa msimu mmoja, wakawa morani pamoja kule juu Ngorongoro, na morani, kwa asiyejua, haruhusiwi kunywa maziwa peke yake. Akishikwa na kiu, kwanza atembee akamtafute mwenzake, hata kama mwenzake yuko upande wa pili wa mlima. Walipokua wakashuka Karatu, Lekoko akawa mlinzi wa kambi ya watalii, Simel akawa dalali wa ng'ombe mnadani. Sheria ya maziwa wakashuka nayo, wakaihamishia kwenye gongo. Mmoja akipata chupa, anamtafuta mwenzake. Na Karatu hakuna mlima wa kuzunguka. Wanakutana kabla chupa haijapoa.

"Nyie mngekuwa wachoyo kidogo tu," nilikuwa nawaambia, "leo mngekuwa na mifugo mingi kama watu."

"Shemeji, hayo maneno yaandike ukutani," Simel ananijibu. "Nikilewa nitayasoma."

Simel hajui kusoma.

Kambi ilimwachisha Lekoko kazi baada ya kulala getini mpaka tembo akapita akakanyaga hema la jikoni. Watalii walifurahi, wakapiga picha. Meneja hakupiga picha. Baada ya hapo Lekoko alikuwa analala popote bila kulipwa.

Halafu akajaribu kuacha mwenyewe. Ilikuwa ni kwa sababu ya binti yetu, Nashipai. Baba yake alimpelekea chai, na chai yote ikaishia njiani kwa mkono kutetemeka, na mtoto akatazama kile kikombe kitupu, akaenda kujimiminia yake. Lekoko akaacha pombe pale pale, kwa hasira, kama mtu anayebamiza mlango. Siku ya pili yake akaanguka zizini. Mwili ulikakamaa, ukaanza kutupwa huku na huku, macho yamegeuka. Nilimshika kichwa kisigonge mawe, nikamwita kwa majina yote ninayomwita nikiwa nampenda, ambayo si mengi, kwa hiyo nikayarudia.

Hospitalini walinieleza kwamba mwili uliozoea pombe kwa miaka ukinyang'anywa ghafla unaweza kupata degedege la kuua. Yaani ukiinywa inakuua, ukiiacha vibaya inakuua. Nikacheka mle wodini mpaka nesi akaniletea maji. Ningefanya nini? Kulia nilishalia miaka hiyo yote, na haikusaidia kitu.

Lekoko alipopona akarudi kwenye chupa, na safari hii aliogopa kuacha kuliko kuendelea. Mimi nikajua jambo moja: siku akiacha tena, lazima kuwe na mtu mwenye ujuzi anayemtazama, na asiondoke. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitafuta.

Basi mradi ukaja.

Ulikuja kwenye kituo cha afya kilicho nyuma ya gereji, ukapewa chumba kimoja, mabenchi mawili na siku ya Alhamisi. Ulikuwa utafiti wa dawa ya kupunguza hamu ya pombe, na watu mara moja wakaubatiza Mradi wa Kiu. Mkuu wake alikuwa Dokta Qamara, mwanamke wa Kiiraqw kutoka Mbulumbulu, mdogo kwangu kwa umri, mrefu kama mlingoti, na anaongea taratibu kana kwamba kila neno amelipima kwanza. Msaidizi wake Issa, kijana wa hapa mjini, alikuwa na kishikwambi alichokibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Nilimpeleka Lekoko. Lekoko akamleta Simel, kama kawaida.

"Dokta," Simel akaanza, hata hajakaa, "babu yangu aliiba ng'ombe wa babu yako. Leo umekuja kulipiza?"

"Shikamoo, mzee," Dokta akasema. "Nimekuja kuwachukua nyie wenyewe. Ng'ombe wabaki."

Nilimpenda papo hapo.

Sitasema uongo, walifanya kazi vizuri. Kwanza waliwalaza wote wawili siku kadhaa, wakawapa dawa ya kuzuia lile degedege, wakawapima mapigo ya moyo asubuhi na jioni mpaka mitetemo ikapungua. Ndipo Dokta akawakalisha na kuwaeleza sehemu ya pili. Kila mmoja angepewa chupa ya vidonge vya miezi mingi, vya kumeza kimoja kila asubuhi. Katika baadhi ya chupa mna dawa yenyewe. Katika nyingine mna vidonge vinavyofanana navyo kwa kila kitu, rangi, ukubwa, hata uchungu, ila ndani hamna dawa.

"Nani amepewa ipi?" Lekoko akauliza.

"Sijui."

"Issa anajua?"

"Issa hajui. Kompyuta iliyoko mbali ndiyo imechagua, kama kurusha sarafu. Tukijua, tutaanza kuwaangalia nyie kwa jicho la kutaka mpone, na tutaona kupona hata pasipokuwepo."

Lekoko akafikiri. "Kwa hiyo hapa hakuna mtu anayejua chochote."

"Kuhusu hilo, hakuna."

"Basi tuko sawa," akasema Lekoko. Wakaweka dole gumba, wakapewa chupa zao, wakaambiwa waje kila Alhamisi kuzungumza na mshauri na kupimwa.

Asubuhi ya kwanza Simel alifika kwetu ng'ombe hawajatoka. Alikaa kwenye kigoda, akaweka chupa yake mbele, Lekoko akaweka yake, wakazitazama kama wazee wanaotazama mahari.

"Mmoja wetu anaweza kuwa amepewa kitupu," Simel akasema.

"Anaweza."

"Sasa mimi nitamezaje dawa hapa, na wewe umekaa hapo unatafuna chaki?"

"Na mimi je, nikiwa ndiye mwenye dawa?"

Lekoko akanyoosha mkono bila kugeuka. "Mama Nashipai. Lile kopo la majani ya chai."

"Lina majani."

"Yamwage."

Niliyahamishia kwenye mfuko. Wakafungua chupa zote mbili, wakamimina vidonge koponi, wakafunika, na Simel akatikisa kama mtu anayepiga njuga ngomani. Walipofungua, kila mmoja akachukua kimoja bila kutazama, wakameza kwa maziwa ya kibuyu kimoja.

"Kama ni sumu, tumekufa wote," Simel akasema.

"Na mimi nitawazika wapi, watu wazima wawili?" nikawauliza. "Mngekonda kwanza."

Mtu aliyesoma atashika kichwa. Mimi niliona ni jambo la akili kuliko yote waliyofanya tangu niwafahamu. Miaka mingi mtu mmoja akinywa, wa pili lazima anywe. Sasa mtu mmoja akimeza, wa pili lazima ameze. Simel hakuweza kulala kwake asubuhi hata akitaka, maana Lekoko hangemeza bila yeye. Lekoko hakuweza kusema leo sijisikii, maana Simel ameshatembea kutoka kule mnadani na vumbi lote miguuni. Na Simel akisafiri kwenda kununua ng'ombe, Lekoko anamsindikiza, na kopo linasafiri nao.

Mvua za vuli zikaja, zikaisha. Mkono wa Lekoko ukatulia. Alianza kukata makatambuga, viatu vya matairi, nyuma ya gereji, na kazi ile inataka kisu kikali na mkono usioyumba. Siku ya kwanza nilikaa karibu yake nikiwa na kitambaa cha kufungia kidonda. Siku za mbele nikaacha kwenda. Nashipai naye alianza kuvaa viatu alivyokatiwa na baba yake kwenda kuchota maji, ingawa alikuwa anasema vinamkata kidole.

Halafu Alhamisi moja Dokta akawaomba wote warudishe chupa zao azitazame. Watu wakatoa chupa. Simel akatoa kopo la majani ya chai, akaliweka mezani kwa heshima.

"Chupa yako iko wapi, mzee?" Issa akamuuliza.

"Chupa wanachezea watoto. Vidonge vyetu hivi hapa."

"Vyenu?"

"Vyangu na vya Lekoko. Tuliviunganisha siku ya kwanza." Simel akasema hivyo akitabasamu, kifua mbele. Nadhani alitegemea kupongezwa.

Issa alitazama kopo, akamtazama Dokta, akakumbatia kishikwambi chake. Dokta alifungua kifuniko, akamimina vidonge kwenye karatasi nyeupe, akavisogeza kwa kidole. Vilikuwa vinafanana kama punje za mahindi.

"Tangu siku ya kwanza?" akauliza.

"Tangu ya kwanza," akasema Lekoko. "Hatujakosa hata asubuhi moja."

Dokta akavua miwani. Aliwaita ndani wote wawili, na mimi nikaingia bila kuitwa. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Akaeleza kwamba ili wajue kama dawa inasaidia, lazima kundi moja liwe na dawa na lingine lisiwe nayo, na wakichanganya, hakuna anayeweza kujua nini kimefanya nini. Kwamba yeye hana ruhusa ya kuwaacha waendelee. Taratibu zinasema waondolewe.

Nilimwelewa, tena vizuri sana. Ukitaka kujua dume lako linazaa ndama wa namna gani, huliachi likae na dume la jirani. Hilo hata mtoto wa kuchunga analijua.

"Sawa, Dokta," nikasema. "Hesabu yako imeharibika. Lakini mume wangu hajaharibika. Mtazame."

"Namwona, mama."

"Sasa ukimtoa, nani atamtazama?"

"Nitampa rufaa ya hospitali ya mkoa."

"Arusha."

"Ndiyo, Arusha."

"Kila Alhamisi?"

Akavaa tena miwani. Lekoko alikuwa anajitazama mikono. Simel ndiye aliyelipuka.

"Tumekosa nini? Tumekunywa?"

"Hapana."

"Tumeuza dawa?"

"Hapana, mzee."

"Kwa hiyo tunafukuzwa kwa kupeana!"

"Mnaondolewa kwenye utafiti," Dokta akasema. "Sijasema ninyi ni watu wabaya."

"Afadhali ungesema," akasema Simel. "Ubaya nimeuzoea."

Issa akabaki na vidonge, akaturudishia kopo tupu. Akachukua na kadi zao za mradi. Tulipotoka, Piusi, mlinzi wa geti, Mwiraqw mpole anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka, alitusindikiza kwa macho kama watu waliotoka msibani.

Wiki ile nilihesabu pumzi za Lekoko akiwa amelala. Hamu ilianza kumrudia. Hakusema, lakini nilimwona anavyopitia njia ya mbali ili asipite dukani kwa watu wa gongo, na siku nyingine anavyopitia ile ya karibu. Simel aliendelea kuja asubuhi ingawa hapakuwa na kidonge. Wanakunywa maziwa, wanatazamana.

Na katikati ya wiki hiyo hiyo akatokea Tobiko.

Tobiko ni rika lao pia, amekuja kutoka upande wa Engaresero, alikokuwa anafanya kazi kwenye kambi za watalii za ziwani. Nilimsikia kabla sijamwona, anaimba. Alikuwa amekonda hadi shuka linamzunguka mara mbili, macho ya njano, na kwapani ana chupa.

"Supai!" akatusalimia kwa kelele. "Nimewatafuta mji mzima! Nimebeba kinywaji tangu jana, na sikukinywa peke yangu!"

Hilo la mwisho lilikuwa uongo mtupu, harufu ilimtangulia. Lakini maneno yenyewe yalikuwa mazito. Ameketi, amefungua, amemnyooshea Lekoko. Rika amekutembelea nyumbani, amekupa kwa mkono wake, na anangoja. Simel akanitazama. Mimi nilisimama na mwiko mkononi na nikajua kwamba nikisema neno moja tu, Lekoko atakunywa, kwa sababu mwanaume wa Kimaasai hawezi kuokolewa na mwiko wa mke wake mbele ya rika zake.

Nikafunga mdomo. Wanaonijua wataelewa ilivyokuwa kazi.

Lekoko alipokea ile chupa. Akaishika. Mkono ulikuwa umetulia.

"Huwezi kukataa ninachokupa," Tobiko akasema. "Mimi ni rika lako."

"Siwezi," Lekoko akasema. Akaiweka chini, nyuma ya kigoda chake, kama mtu anayeweka akiba. "Nimeipokea. Ni yangu sasa. Nitaifanyia ninachotaka."

"Si unywe!"

"Na wewe, huwezi kukataa ninachokupa mimi."

"Nipe chochote, nitakipokea."

"Nakupa Alhamisi," akasema Lekoko.

Tobiko alicheka mpaka akakohoa. "Alhamisi ndiyo nini?"

"Ni siku. Utakuja na sisi mahali."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," Simel akadakia, na uso wake wote ukawaka. "Tumefukuzwa. Ndiyo maana tunakwenda."

Alhamisi ilipofika tukatoka wanne. Nilibeba chupa kubwa ya chai ya maziwa na vikombe. Lekoko na Simel walikuwa wamemweka Tobiko katikati, kwa sababu akiachiwa anaelekea kwenye nyumba yoyote yenye kelele. Alikuwa amekunywa asubuhi, kidogo tu. Mimi mwenyewe nilimpimia kutoka kwenye ile chupa, maana nilishaona kinachotokea kwa mtu anayeacha kwa kubamiza mlango.

Piusi akasimama katikati ya geti.

"Mama, samahani. Leo ni wenye kadi tu."

"Nani amesema tunaingia?" nikamuuliza. "Geti lako ni hili?"

"Ndiyo."

"Na hizi nyasi za nje ni zako?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi karibu chai."

Tukakaa nje ya uzio, hatua chache kutoka kwenye mabenchi, wavu tu katikati. Simel akaanza kuongea na watu wa ndani kama vile wavu haupo. Alimuuliza fundi mmoja wa gereji kama bado mke wake anamnusa kila akiingia mlangoni. Fundi akasema sasa hivi anamnusa kwa mapenzi, watu wakacheka, na fundi akasogeza benchi lake. Wa pili akasogea. Mshauri alipotoka kuwaita aliwakuta karibu wote wamegeukia uzio, wanaomba chai ya Mama Nashipai kupitia matundu ya wavu, ila kikombe hakipiti, kwa hiyo Piusi akawa anakibeba kupitia getini huku anaguna.

Issa alikuja kwanza. "Wazee, naombeni. Mnanivurugia."

"Mwanangu Issa," nikamwambia, "sisi hatumo kwenye utafiti wako. Tunavuruga nini?"

Akakuna kichwa, akarudi ndani. Baada ya muda akatoka Dokta Qamara mwenyewe. Alifika mpaka kwenye wavu, akasimama upande wake, sisi upande wetu.

"Shikamoo, wazee. Mama."

Tukaitikia.

"Nimeandika kwa wakubwa kuhusu nyie," akasema. "Nimepata jibu: ni mmoja wenu tu aliyepangiwa dawa, ila hawajaniambia nani. Kwa kuwa mmeshatoka kwenye utafiti, wanaweza kufungua siri yenu, kujua nani alipangiwa dawa na nani hakupangiwa. Yule aliyepangiwa dawa, kama hali yake inaonyesha ataumia bila hiyo, wanaweza kumwendelezea kwa miezi kadhaa, na mimi nimtazame." Alimtazama Lekoko. "Nilieleza habari ya lile degedege."

"Na yule mwingine?" Lekoko akauliza.

"Mwingine hapana. Wamekataa."

Moyo wangu ulirukia juu ya uzio. Niseme ukweli, nilitaka lile jambo kuliko nilivyowahi kutaka ng'ombe, kuliko mvua. Nilitaka iwe chupa ya Lekoko. Simel alinisoma, maana ananijua.

"Lekoko," akasema kwa Kimaasai, taratibu, "kama ni wewe, chukua. Mimi sijawahi kuanguka zizini."

"Nyamaza," Lekoko akamwambia.

"Nasema chukua."

"Nikichukua, asubuhi utakuja kufanya nini? Kunitazama nikimeza?" Akamgeukia Dokta, akarudi kwenye Kiswahili. "Dokta, nashukuru. Usifungue."

"Mzee, fikiri kwanza. Labda ni wewe."

"Labda. Ukifungua, mmoja wetu atakuwa ndiye aliyemlisha mwenzake dawa, na mwingine atakuwa aliyelishwa. Hatutakaa tena kwenye kigoda kimoja. Sitaki kujua."

"Unaweza kurudi kwenye pombe."

"Naweza."

Dokta alinitazama mimi. Watu wote wa upande ule wa wavu wakanitazama mimi, hata Piusi na kikombe chake.

"Mama, wewe unasemaje?"

Ningeweza kumlaani Lekoko pale pale, na nilikuwa na laana nzuri tayari. Mtu anaokolewa, anaanza kuchagua mkono wa kumwokoa! Lakini nilikuwa nimeziona zile asubuhi mimi mwenyewe. Nilimwona Simel akija na vumbi miguuni hata wiki hii, kopo likiwa tupu. Nikajiuliza, kidonge na mguu wa Simel, kipi kilimweka mume wangu wima? Dokta hajui. Kompyuta haijui. Mimi nanyonyesha tumaini na sijui pia. Kwa nini basi mimi ndiye niwekwe njia panda nichague kimoja?

"Mimi sichagui," nikasema.

"Yaani?"

"Nataka kidonge. Na nataka huyu mtu wa kuja asubuhi. Vyote viwili, na wote wawili wapewe. Nenda kawaambie hivyo."

"Watakataa, mama."

"Waache wakatae wao. Kwa nini sisi tujikatalie kabla yao? Na wakikataa, kawaambie tena wiki ijayo, sisi tutakuwa hapa hapa tunangoja jibu. Uzio wenu hautuumi."

Fundi wa gereji akapiga makofi. Dokta hakucheka. Alishika wavu kwa vidole, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyochoka, mtoto wa watu.

"Mnafikiri mimi napenda?" akasema kwa sauti ya chini. "Kaka yangu alikufa shambani Mbulumbulu, kwenye ngano, kwa degedege hilo hilo. Nikasema nitatafuta dawa inayofanya kazi kweli, siyo ya kubahatisha. Nikiharibu utafiti huu, watasema dawa haifai, na hakuna mtu mwingine atakayeileta Karatu. Mnaelewa?"

"Tunaelewa," akasema Lekoko. "Utafiti wako ulinde. Sisi wenyewe tuko nje, hatukuharibii tena. Lakini hatuendi nyumbani."

Wakati huo Tobiko, ambaye kwa maajabu alikuwa amenyamaza, akaanza kutetemeka. Alianza kwa vidole, kikombe kikagonga meno yake, chai ikamwagika kifuani. Jasho likamtoka. Lile dogo nililompimia asubuhi lilikuwa limekwisha mwilini.

"Huyu ni nani?" Dokta akauliza haraka.

"Rika letu," Simel akasema. "Tumempa Alhamisi."

"Anakunywa kiasi gani?"

"Kiasi kinachopatikana."

"Piusi, fungua geti."

"Dokta, hana kadi," akasema Piusi.

"Nimeona."

Akatoka yeye mwenyewe kabla geti halijafunguka lote, akapiga magoti kwenye nyasi, koti jeupe kwenye vumbi, akamshika Tobiko mkono na kutazama saa yake. Akamwagiza Issa alete mashine ya presha, na ile dawa ya kuzuia degedege kutoka dirisha la wagonjwa wa kawaida, siyo kutoka kabati la mradi. Issa akaweka kishikwambi juu ya benchi, akakimbia.

"Atalala ndani leo," Dokta akasema. "Kama mgonjwa wa dharura wa kituo. Na nyie wawili, mkae hapa. Nikimaliza na wenye kadi nitatoka kuwapima. Hapa hapa nje. Kila wiki, mpaka nitakapoambiwa niache." Alipumua. "Nitapata matatizo kwa hili."

"Karibu," Lekoko akamwambia. "Sisi tumo humo siku nyingi."

Akamwinua Tobiko upande mmoja, Simel upande wa pili, na wakamwingiza getini. Piusi alinyoosha mkono kuwazuia wale wasio na kadi, akanitazama, akaamua kufunga vifungo vya koti lake la mvua. Mimi nilibaki nje na chai. Nilimimina kikombe kingine, kwa sababu foleni ya wenye kadi ilikuwa bado ndefu, na sikuwa na mpango wa kwenda popote.